Mali Bila Daftari: Mafunzo Kutoka Nchi Zilizotoka Katika Muungano wa Kisovieti

(Hii ni hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, ambaye ni mtumishi wa Serikali, katika mkutano wetu wa mwaka. Tunaichapa kama alivyoisoma. – Mhariri)



Nilishauriwa nichague jambo litakalowafaa vijana wa kidato cha tano na cha sita katika masomo yao ya historia na uchumi, na ambalo pia halitawachosha wazee. Nimechagua kuzungumza juu ya nchi zilizopata uhuru baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti, na jinsi zilivyotoka katika uchumi wa kikomunisti na utawala wa chama kimoja. Mimi si mwanasiasa wala si profesa. Kazi yangu ya kila siku ni hesabu za umma. Kwa hiyo msishangae nikiitazama habari hii kwa jicho la karani.

Watu wengi huizungumza habari hii kama ugomvi wa itikadi mbili. Mmoja husema ujamaa ulishindwa. Mwingine husema ubepari uliwaibia wananchi. Mimi leo nataka kusema jambo jingine. Nchi zile zilipoachana, zote zilikuwa na mali nyingi ya umma: viwanda, mashamba, nyumba, migodi na akiba za wananchi. Kilichozitofautisha sana ni kama palikuwa na daftari la kweli la mali hiyo, na kama palikuwa na watu waaminifu wa kulitunza. Wahenga wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

NYUMBA ILIVYOVUNJIKA

Vijana wengi hapa hamkuwa mmezaliwa wakati huo, basi niruhusuni nikumbushe kwa ufupi. Muungano wa Kisovieti ulikuwa na jamhuri 15. Tarehe 23 Agosti, 1989, watu wapatao milioni mbili wa Estonia, Latvia na Lituania walishikana mikono wakafanya mstari mmoja kutoka Tallinn mpaka Vilnius, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, kudai uhuru wao. Lituania ilitangaza uhuru Machi 1990. Estonia na Latvia zilifuata Agosti 1991, siku zile zile watu fulani walipojaribu kumpindua Mikhail Gorbachev mjini Moscow wakashindwa. Tarehe 1 Desemba, 1991, wananchi wa Ukraine walipiga kura, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga wakakubali uhuru. Tarehe 25 Desemba, Gorbachev alijiuzulu, na muungano ule ukawa umekwisha.

Bendera ilishushwa kwa siku moja, lakini uchumi haukuweza kutenganishwa kwa siku moja. Chini ya mpango wa Moscow, kila kiwanda kilitegemea kingine kilichokuwa mbali. Chukueni mfano wa kiwanda cha nguo cha Kreenholm, katika mji wa Narva huko Estonia, karibu na Bahari ya Baltiki. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1857, na katika siku za Kisovieti kilikuwa kikisokota pamba iliyotoka Asia ya Kati, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Bei ya pamba, bei ya nguo na mshahara wa mfanyakazi vyote vilipangwa na Serikali. Mpango ulipokufa, hakuna aliyejua pamba ile ilikuwa na thamani gani hasa, wala nguo ile, wala kiwanda chenyewe.

BENKI KUMI NA TANO, FEDHA MOJA

Shida ya kwanza ilikuwa fedha. Baada ya kuvunjika kwa muungano, jamhuri ziliendelea kutumia ruble. Noti zilichapwa Urusi peke yake, lakini kila jamhuri ilikuwa na benki kuu yake, na kila benki kuu iliweza kutoa mikopo kwa ruble kwa kuandika tu vitabuni. Ndugu Mwenyekiti, fikirini familia ya ndugu kumi na watano wenye mfuko mmoja, ambamo kila ndugu anaruhusiwa kukopa, na deni linagawanywa kwa wote. Mwenye kujizuia ndiye atakayepata hasara. Basi kila mmoja alikopa. Urusi iliachia bei zipande tarehe 2 Januari, 1992, na bei zikaruka kila mahali ruble ilikotumika.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni kabisa. Tulipopata uhuru, Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa zikitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919. Serikali tatu zilipoona kwamba kila moja inataka kupanga uchumi wake, zilikubaliana kuachana, na mwaka 1966 kila nchi ikatoa shilingi yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966. Tofauti kubwa ni kwamba Bodi ile haikuweza kutoa shilingi bila kikomo kwa kuandika tu. Sehemu kubwa ya shilingi ilizotoa ilitakiwa iwe na paundi nyuma yake. Kwa hiyo sisi tuliachana fedha ikiwa bado nzima. Wao waliachana fedha ikiwa imekwisha kuoza.

ESTONIA

Estonia ilikuwa ya kwanza kutoka. Tarehe 20 Juni, 1992, ilianza kutoa fedha yake, iliyoitwa kroon. Kila mkazi aliruhusiwa kubadilisha fedha taslimu ruble 1,500 tu, kwa kiwango cha ruble 10 kwa kroon moja. Maana yake kila mmoja, meneja wa kiwanda na mfagiaji wa kiwanda, alitoka dirishani na kroon 150. Kazi hiyo ilifanywa kwa siku tatu.

Jambo la pili walilofanya ni kuifunga mikono benki kuu yao wenyewe. Sheria ilisema kroon nane ni sawa na Marki moja ya Ujerumani, na kwamba benki kuu haitatoa kroon isiyokuwa na dhahabu au fedha za kigeni nyuma yake. Walikuwa na bahati: dhahabu waliyoiweka katika benki za nje kabla ya kutawaliwa na Wasovieti mwaka 1940 walirudishiwa, kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Fikirini hilo, ndugu zangu. Nchi ilifutika katika ramani kwa miaka 50, lakini jina lake lilibaki katika vitabu vya benki, na kwa jina hilo ikalipwa.

Jaribio lilikuja mapema. Novemba 1992, benki tatu kubwa za Estonia zilishindwa kulipa. Mbili kati yake fedha zao zilikuwa zimezuiliwa Moscow. Katika nchi nyingi Serikali ingechapa noti ikazijaza benki hizo, na lawama zingeishia hapo. Estonia haikuchapa. Benki moja ilifungwa kabisa na wenye akiba wakaumia. Nyingine mbili ziliunganishwa zikasaidiwa kwa hati za dhamana. Lilikuwa jambo chungu, lakini tangu siku hiyo kila mkurugenzi wa benki alijua kwamba maneno ya sheria ni maneno ya kweli. Bei hazikutulia mara moja. Mwaka 1993 ziliongezeka karibu maradufu. Lakini kuanzia mwaka 1995 uchumi ulianza kukua, mwaka 2004 nchi hiyo ikaingia katika Umoja wa Ulaya, na mwaka 2011 ikaiacha kroon na kuchukua yuro.

UKRAINE

Ukraine ilipita njia nyingine. Mwaka 1992 ilitoa kuponi zilizotumika badala ya ruble, na Novemba mwaka huo ikatoka katika ruble kabisa. Lakini kutoka katika fedha ya mwenzako si dawa, kama huna nidhamu ya fedha yako mwenyewe. Viwanda na mashamba ya Serikali vilidai mikopo ili visifungwe, Bunge na Serikali vikaamuru, na benki ikatoa. Mwaka 1993 peke yake bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 10,000. Wadogo zangu wa hesabu mtaona kwamba kitu kilichouzwa kwa fedha moja mwanzoni mwa mwaka kiliuzwa kwa zaidi ya mia moja mwishoni mwa mwaka. Mwalimu aliyelipwa mshahara Jumatatu asiponunua unga, kufikia Jumatatu ya pili alikuwa amelipwa karatasi. Fedha ya kudumu, hryvnia, ilitolewa Septemba 1996, na kila hryvnia moja ilibadilishwa kwa kuponi 100,000.

Na akiba za wazee je? Wananchi walikuwa wameweka akiba zao katika benki ya akiba ya Kisovieti kwa miaka mingi, kwa ajili ya uzee, harusi na mazishi. Akiba hizo zilimezwa na bei. Mwaka 2008 Serikali ya Ukraine ilianza kuwalipa waliokuwa na akiba hizo hryvnia 1,000 kila mmoja. Watu walipanga foleni ndefu sana kudai fedha hiyo, zaidi ya miaka 16 baada ya muungano kuvunjika. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Haitakuwa haki kusema kwamba Waukraine walikuwa wajinga na Waestonia wenye akili. Estonia ilikuwa na watu wapatao milioni moja na nusu. Ukraine ilikuwa na watu wapatao milioni 52, migodi ya makaa ya mawe, na viwanda vikubwa vya silaha ambavyo mnunuzi wake alikuwa ametoweka. Estonia inatazamana na Finland ng'ambo ya maji, na wazee wake walikumbuka Serikali yao ya kati ya 1918 na 1940. Kwa hiyo mizigo haikuwa sawa. Lakini mwenye mzigo mkubwa ndiye anayehitaji zaidi kufunga kamba vizuri.

KUGAWANA VIWANDA

Shida ya pili ilikuwa kugawana mali. Hapa mfano mkubwa ni Urusi yenyewe. Kuanzia Oktoba 1992 kila raia, mtoto kwa mzee, alipewa hati ya kununulia hisa iliyoandikwa thamani ya ruble 10,000. Wazo lilikuwa zuri kusikia: viwanda vya wananchi warudishiwe wananchi. Lakini hati ile haikuwa na jina la mtu. Aliyeishika ndiye mwenyewe. Kwa kuwa bei zilikuwa zinaruka na watu walikuwa na njaa, wengi waliziuza kwa bei ya kutupwa, na walanguzi wakazikusanya.

Kisha mwaka 1995 Serikali ilikopa kwa mabenki na kuweka rehani hisa za mashirika yake makubwa. Katika mnada wa hisa za Norilsk Nickel, kampuni kubwa ya madini, bei ya kuanzia ilikuwa Dola milioni 170. Benki iliyosimamia mnada ndiyo iliyoshinda, kwa Dola milioni 170.1. Mshindani aliyetaka kutoa Dola milioni 355 aliondolewa. Ndugu zangu, hapo hapakuvunjwa mlango wala kukatwa kufuli. Kila karatasi ilikuwa na mhuri. Huo ndio wizi ulio mgumu kuliko wote kuukamata, kwa maana unafanywa na mtu aliyekabidhiwa kalamu.

Estonia nayo iliuza viwanda vyake, lakini vingi vya vile vikubwa viliuzwa kwa zabuni za wazi, wageni wakiruhusiwa, na mnunuzi akitakiwa aeleze ataweka mtaji gani na atabakiza wafanyakazi wangapi. Kuhusu ardhi, walirudisha daftari la ardhi ambalo Wasovieti walikuwa wamelifuta, wakaanza kuandika upya shamba kwa shamba. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na mashauri yalikuwa mengi. Lakini kesi mahakamani ni afadhali kuliko ukimya, maana penye kesi pana kitabu cha kufungua.

Belarus haikuuza sana. Alexander Lukashenko alichaguliwa Julai 1994, viwanda vikubwa vikabaki mikononi mwa Serikali, na yeye amebaki madarakani hadi leo. Wapo wanaosifu kwamba kule hawakutokea matajiri wa ghafla kama wa Urusi. Yaweza kuwa kweli. Lakini mali ya umma ambayo umma hauwezi kuulizia hesabu yake ni ya umma kwa jina tu.

DAFTARI LINAPOMWACHA MTU NJE

Ndugu Mwenyekiti, sitaki niwadanganye vijana kwamba daftari peke yake ni haki. Daftari laweza pia kumwacha mtu nje. Estonia ilipopata uhuru iliamua mwaka 1992 kwamba raia ni wale waliokuwa raia kabla ya 1940 na watoto wao. Watu waliohamia katika siku za Kisovieti, wengi wao wasemaji wa Kirusi, pamoja na watoto wao waliozaliwa palepale, walijikuta hawana uraia mpaka waombe na kufaulu mtihani wa lugha. Walikuwa karibu theluthi moja ya wakazi wote. Wengi wa wafanyakazi wa Narva, mji wa Kreenholm, walikuwa miongoni mwao. Walibadilishiwa ruble zao kama wenzao mwezi wa Juni, lakini mwezi wa Septemba hawakupiga kura ya Bunge.

Kiwanda chao kilinunuliwa na kampuni ya Sweden, kikapunguza watu mwaka hadi mwaka, na mwaka 2010 kikafilisika. Idadi ya wasio na uraia imepungua sana tangu wakati ule, lakini uchungu haukwisha wote. Kwa hiyo mkisifiwa Estonia, nanyi ulizeni: je, yule mama wa mashine ya kusokota pamba aliandikwa wapi?

DAFTARI LAWEZA KUFUNGULIWA BAADAYE

Nisingependa pia mwondoke hapa mkidhani kwamba nchi ikikosa mwanzo imekosa milele. Baada ya wananchi kuiondoa Serikali yao mwaka 2014, vijana wa Ukraine, wengine wakiwa wanaharakati na wengine watumishi wa Serikali, walitengeneza utaratibu wa zabuni kwa kompyuta unaoitwa ProZorro. Mwaka 2016 ukawa wa lazima kwa manunuzi ya Serikali. Shabaha yake ni kwamba kila mtu aone kila kitu: nani ameomba kuuza dawa hospitalini, kwa bei gani, na nani ameshinda. Nchi hiyo imo vitani tangu Urusi ilipoivamia kwa nguvu zote Februari 2022, na hata hivyo mwaka 2023 wananchi wake walibishana hadharani juu ya bei ya mayai na makoti yaliyonunuliwa kwa ajili ya jeshi. Wengine huona ni aibu. Mimi naona ni dalili ya afya. Taifa linaloulizia bei ya mayai wakati wa vita limekwisha kujua mali ni ya nani.

NASI JE?

Wazee wetu hapa wanakumbuka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Reli, ndege, meli na majengo vilibaki kila kimoja mahali kilipokutwa, na ilichukua hadi mwaka 1984 nchi zetu tatu kutia sahihi mapatano ya kugawana mali na madeni. Wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya waliendelea kudai haki zao kwa miaka mingi baada ya hapo. Kisha katika miaka ya 1990 nasi tulirudisha vyama vingi na tukauza mashirika mengi ya umma. Kila mmoja wetu analo shirika moja analolijua, na ana maoni yake kama liliuzwa vizuri au vibaya. Sitaingia katika ubishi huo leo. Nasema tu kwamba yaliyowapata wale wa Baltiki na wa Dnipro si hadithi ya watu wa mbali.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu.

La kwanza ni kwenu wadogo zetu. Wengi wenu mnataka kuwa viongozi, na ni haki yenu. Lakini msidharau kazi ya ukaguzi, ya uandishi wa masijala, ya upimaji wa ardhi na ya takwimu. Siku nchi inapobadilika, na kila nchi hubadilika siku moja, wanasiasa watapiga hotuba, lakini mwananchi atakwenda kwenye dirisha la karani kuuliza kama jina lake limo.

La pili ni kwenu wenzangu mliokabidhiwa ofisi. Tusingojee mabadiliko makubwa ndipo tuweke vitabu sawa. Wale wa Moscow hawakupewa notisi ya miezi sita. Hati isiyowekwa mahali pake leo itakuwa kesi ya mjukuu wa mtu kesho, na ufunguo wa kabati la mafaili si mali ya afisa anayeushika.

La tatu ni kwa Chama chetu. Tumekuwa tukichangia maktaba na vitanda vya bweni jipya. Napendekeza kwa heshima kwamba kuanzia mwaka huu hesabu za michango, mapato na matumizi, zibandikwe katika ubao wa matangazo wa shule, mahali ambapo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kusimama akazisoma. Simtuhumu mtu, Mhazini wetu ni mtu ninayemheshimu sana. Lakini hatuwezi kuwafundisha vijana hawa kuulizia mali ya taifa, ikiwa hawajapata kuona hesabu ya vitanda wanavyolalia. Naomba pendekezo hilo liingizwe katika kumbukumbu za mkutano huu.